Na wa safu ya mwisho ajibiwe

Kila Novemba, semista ya kwanza ikiwa bado changa, huwa nachora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana kila kitu, zimefuatana kwenye waya mmoja. Nauliza: ipi itawaka kwa nguvu zaidi, ya kwanza au ya pili? Ukumbi unanyamaza kidogo. Nasema wanaochagua ya kwanza wanyooshe mikono, na mikono inainuka kuanzia safu ya mbele hadi kwa wale waliokaa kwenye ngazi.

Hawa ni vijana waliofaulu Fizikia kidato cha sita. Wameikariri kanuni ya Ohm, wamekokotoa ukinzani mpaka usiku wa manane, na matokeo yao yalipotoka mama zao walipiga vigelegele. Lakini zaidi ya nusu yao wanaamini kwamba balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inaachiwa makombo. Ukweli ni kwamba zote mbili zinawaka sawasawa. Mkondo unaoingia kwenye balbu ya kwanza ndio huohuo unaotoka na kuingia kwenye ya pili.

Kwa miaka mingi nililijibu swali lile papo hapo, nikaeleza vizuri, nikachora mishale kwa chaki ya rangi, nikauliza kama wameelewa. "Tumeelewa, Dokta." Mwezi Februari, kwenye mtihani, wengi walewale waliandika tena kwamba balbu ya kwanza inawaka zaidi.

Nafundisha Fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Darasa langu mwaka huu lina wanafunzi 612, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya watu 400. Nimefika mahali pa kuamini jambo moja na nataka kulisema hadharani: darasa kama hili halifundishiki kwa mhadhara peke yake. Kila mwanafunzi, hata wa safu ya mwisho, anahitaji kuulizwa, ajibu, kisha ajibiwe kulingana na alichojibu. Kwa idadi tuliyonayo, kazi hiyo inawezekana kwa masomo shirikishi ya mtandaoni, iwapo tutayaandika wenyewe na kuyafikisha kwa mwanafunzi bila kumtoza bando.

Tupige hesabu ya dukani. Nikiamua kumpa kila mwanafunzi dakika tano tu kwa wiki, nimsikilize anavyofikiri na nimwoneshe alipopotea, nahitaji dakika 3,060. Hizo ni saa 51. Ratiba inanipa saa tatu za mhadhara kwa wiki. Wakufunzi wasaidizi ninao watatu, kila mmoja ana makundi mawili, na kila kundi lina watu mia moja na ushee. Semina, ambayo kwa nia yake ni kikundi cha watu ishirini wanaobishana kuzunguka meza, imekuwa mhadhara mwingine. Anayeuliza ni yuleyule wa safu ya mbele, aliyesoma shule nzuri, mwenye Kiingereza kisichokwama kooni. Wengine wanaandika. Kesho wanatafuta madesa, maandishi ya kukariri, ya mwaka jana, wanapiga msuli wiki mbili za mwisho, na wasipobahatika wanakutana na sapu, mtihani wa marudio, au wanadisko, wanaondolewa chuoni kabisa. Nimeshuhudia kijana akifunga begi lake kurudi kijijini kwa sababu ya somo langu, na sikuwahi kuzungumza naye hata mara moja. Sikulijua jina lake mpaka nilipoliona kwenye orodha ya waliofeli.

Nchi hii ina kisa ambacho kila mwalimu wa sayansi angefaa kukikumbuka kabla hajaingia darasani. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba. Wakitengeneza aiskrimu, aliona maziwa aliyoyaingiza kwenye friji yakiwa bado ya moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alisimama mbele ya mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akauliza swali lilelile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo lile, na wanalitaja kwa jina la Mpemba.

Tunakisimulia kisa hiki kwa fahari, na tuna haki. Mimi huwa nakiwaza kwa upande wa kile kicheko. Mpemba alikuwa na moyo wa kuuliza tena baada ya kuambiwa amechanganyikiwa. Wangapi kati ya hawa 612 wana swali la namna ile, wanawatazama wenzao waliowazunguka, kisha wanalikunja na kulirudisha mfukoni?

Ninaposema somo shirikishi, naomba nieleweke vizuri. Sizungumzii video ya mwalimu anayeongea, wala slaidi zilizopakiwa mtandaoni. Hayo niliyafanya mwaka 2020. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, nilipiga chapa maandishi yangu yote, nikarekodi sauti yangu usiku wakati majirani wamelala, nikatuma kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa. Nilichoka sana, na uchovu ule ukanifanya niamini kwamba nimefundisha. Vyuo vilipofunguliwa Juni Mosi niliingia ukumbini, nikachora betri na balbu mbili, nikauliza. Mikono ikapanda vilevile. Madesa yakihamia kwenye simu yanabaki kuwa madesa.

Somo shirikishi linaanza kwa kumtaka mwanafunzi abashiri. Halimruhusu kupita mpaka achague jibu. Akichagua, linampa njia ya kujaribu alichobashiri, halafu linamuuliza tena, na swali linalofuata linategemea kosa alilofanya. Anayedhani mkondo unaliwa anapata swali moja. Anayedhani betri inatoa mkondo uleule siku zote, hata ukiiongezea balbu, anapata jingine. Kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake, na hakuna anayemsikia akikosea.

Somo langu la sakiti limejengwa juu ya simulesheni ya PhET. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mtu aliyefika kilele kile aliamua kuweka sehemu ya fedha za tuzo yake kwenye kazi ya kuwafundisha wanaoanza. Simulesheni zake ni za bure, zinapakuliwa na kutumika bila intaneti, na zipo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mimi nimeizungushia simulesheni hiyo maswali yangu kwenye Moodle, mfumo huria ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki tayari vinao, ingawa vingi vinautumia kama kabati la kuhifadhia slaidi.

Jioni moja nilipita vimbwetani, kwenye viti vya nje wanaposomea wanafunzi, nikawakuta wawili, kijana na binti, wameinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, endeleeni." Nilisimama nyuma yao nikatazama.

Simu iliuliza swali la balbu mbili. Kijana akabonyeza "ya kwanza" bila kusita. Simu haikumwambia amekosea. Ilimwambia: ijenge uone. Akaburuta betri kwa kidole, akavuta waya, akaweka balbu mbili, akafunga swichi. Zote zikawaka sawasawa. "Hii programu ina kasoro," akasema. Akabadilisha balbu, ya kwanza akaiweka mahali pa pili. Zikawaka sawa. Akageuza betri. Zikawaka sawa. Binti akamwambia, "Hebu hesabu hivyo vidoti." Kwenye simulesheni ile, elektroni zinaonekana kama vidoti vya buluu vinavyotembea ndani ya waya. Wakaanza kuhesabu, midomo ikicheza, vinavyoingia kwenye balbu na vinavyotoka. Wakahesabu tena. Kijana akanyamaza, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Kumbe haviliwi."

Niliangalia saa. Zilikuwa zimepita kama dakika tisa. Kwenye zile dakika tisa alijenga, akabisha, akajaribu kuitetea imani yake kwa njia tatu, akashindwa, akaiacha. Mimi mwenye chaki ya rangi sikuwahi kumpa nafasi hiyo, kwa sababu nilikuwa nikimwondolea ubishi kabla hajauanza.

Kosa lile, tena, lina mzizi, na mzizi wake uko majumbani mwetu. Tunasema umeme umeisha. Tunanunua umeme kwa simu. Tarakimu kwenye mita ya LUKU zinashuka kadiri pasi na jiko vinavyofanya kazi, na mama anafoka kwamba nani ameacha taa inawaka inakula umeme. Neno moja, umeme, limebeba mkondo, volteji na nishati kwa pamoja. Mtoto aliyekulia hapo akija kwangu akiamini kwamba kinachopita kwenye waya kinaliwa njiani, hajafikiri kijinga. Amefikiri kwa alichokiona. Ndiyo maana sitaki tununue masomo yaliyokwisha kupikwa ng'ambo tukayapakua kama yalivyo. Anayeandika swali huko Boston haijui LUKU. Hajui kosa la mwanafunzi wangu linatoka wapi, kwa hiyo hawezi kumwandikia jibu linalomfikia.

Kwenye somo langu, anayechagua "ya kwanza" kwa mara ya pili anakutana na mita ya LUKU na maelezo yake. Maelezo hayo nimeyaandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiingereza ndiyo lugha ya mhadhara na ya mtihani, sijaigusa. Ila vimbwetani sijawahi kumsikia mtu akibishana juu ya mkondo kwa Kiingereza. Kama hapo ndipo kuelewa kunapotokea, tukubali kukaa hapo nao.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Somo linafungwa saa sita usiku, na asubuhi kabla ya mhadhara napata ripoti: swali gani limewashinda, jibu gani lisilo sahihi limechaguliwa na wengi. Naingia ukumbini nikijua. Siku hizi sianzi na kichwa cha habari na tafsiri ya istilahi. Naanza na lile swali lililowagawa, naliweka kwenye projekta, nawaambia kila mmoja amgeukie jirani yake amshawishi. Ukumbi unanguruma kama soko. Baada ya dakika chache napiga kura tena, na mara nyingi waliokosea wamekwisha kusahihishwa na wenzao kabla mimi sijafungua mdomo. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha hivi mapema miaka ya 1990, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake, wale wanaosifiwa dunia nzima, walikuwa wakikokotoa vizuri bila kuelewa. Kama kule walikuwa wakikariri, sisi tusione aibu kusema kwamba huku tunakariri.

Wapo watakaosema hizi ni hisia za mwalimu mmoja. Basi tutazame vipimo. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa yanayomshughulisha mwanafunzi katika sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye mihadhara mitupu walifeli takriban wanafunzi 34 katika kila 100. Kwenye madarasa ya kushiriki walifeli 22. Kwa darasa langu la watu 612, tofauti ya namna hiyo ingekuwa vijana zaidi ya sabini. Hilo ni basi kubwa, limejaa mpaka waliosimama.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ulilinganisha makundi mawili ya darasa la Fizikia ya mwaka wa kwanza, kila moja likiwa na wanafunzi kama 270. Kwa wiki moja kundi moja lilifundishwa na mhadhiri mzoefu aliyesifika, kwa mhadhara wa kawaida. La pili lilifundishwa na mwalimu asiye na uzoefu mkubwa, lakini wanafunzi wakijiandaa kabla, wakiulizwa na kujadiliana muda wote. Walipopewa jaribio moja, la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili asilimia 74. Wieman mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti ule. Naomba tusome vizuri: kilicholeta tofauti ni kuulizwa na kujibiwa. Mtandao ni chombo cha kulifikisha jambo hilo kwa watu wengi, kama bomba linavyofikisha maji. Bomba likiwa kavu halimnyweshi mtu.

Kwa hiyo nakubaliana kabisa na wanaoogopa kwamba mwalimu ataondolewa. Hofu yao ina mfano. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha San Jose State, California, kiliungana na kampuni ya Udacity kufundisha masomo ya awali ya hisabati na takwimu kwa njia ya mtandao. Wengi walifeli, zaidi ya wanaosoma darasani, na mpango ukasimamishwa mwaka huohuo. Mwanafunzi dhaifu ndiye anayemhitaji zaidi mtu wa kumshika mkono, na ndiye wa kwanza kuzama akiachwa peke yake na kioo. Atakayetumia masomo haya kama kisingizio cha kutoajiri wahadhiri atakuwa ametudhulumu sote. Ninachotaka mimi ni kinyume chake: mashine ichukue kazi ya kuuliza na kusahihisha yale yanayojirudia, ili mimi na wakufunzi wasaidizi tupate muda wa kukaa na wale ambao ripoti inaonesha wamekwama.

Profesa mmoja aliyenifundisha, mtu ninayemheshimu kama mzazi, aliniita ofisini kwake. "Mwanangu," aliniambia, "fizikia ni kushika. Utawafundisha watoto umeme wa kwenye simu, halafu waya halisi wakiuona watakimbia?" Nilimjibu kwa adabu kwamba maabara yetu ina vifaa vya makundi 20, na zamu ya kila mwanafunzi inafika mara moja kwa wiki tatu, akiwa mmoja kati ya watano wanaozunguka meza. Anayeshika ni mmoja, wanne wanachungulia. Na huko Colorado, mwaka 2005, Noah Finkelstein na wenzake walionesha kwamba wanafunzi waliotumia simulesheni ya sakiti badala ya vifaa halisi, walipopewa waya na balbu halisi baadaye, walijenga sakiti na kuzieleza vizuri kuliko waliotumia vifaa tangu mwanzo. Mimi siiondoi maabara. Nataka mwanafunzi aifikie akiwa amekwisha kukosea mara ishirini kwenye simu, ili zamu yake moja imfae.

Wanafunzi nao wamelalamika. Wengine wameniandikia kwamba siwafundishi, nawauliza tu. Malalamiko haya yanajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Harvard ulionesha kwamba wanafunzi wa Fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu unafanana na kutoelewa. Sasa huwa nawaeleza hivyo siku ya kwanza kabisa, na manung'uniko yamepungua.

Kunakiliana kupo pia. Mwaka wa kwanza nilipoweka somo hili, majibu yalikuwa kwenye grupu la darasa kabla ya saa tatu usiku. Nikabadilisha mambo mawili. Tarakimu za maswali zinatofautiana kwa kila mwanafunzi, na alama zinatolewa kwa kumaliza hatua zote, si kwa kupatia mara ya kwanza. Kosa likiacha kumnyang'anya mtu alama, sababu kubwa ya kunakili inaondoka.

Lipo tatizo moja ambalo siwezi kulimaliza peke yangu. Wanafunzi wangu wengi wana simu janja, hata kama kioo kimepasuka. Wasichokuwa nacho ni bando. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, bumu wanaloliita, ina kazi nyingi: chakula, nauli, pango, na wengine wanaituma nyumbani kwa wadogo zao. Siwezi kumwambia binti anayekula mlo mmoja kwa siku kwamba leo anunue megabaiti ili asome sakiti.

Dawa yake ninaijua na si ya gharama kubwa. Masomo haya yawekwe kwenye seva iliyo ndani ya chuo, na mwanafunzi ayafungue kwa waifai ya chuo bila kwenda kwenye intaneti ya nje hata kidogo. Niliandika barua kuomba hivyo katika ofisi moja inayohusika. Semista mbili zimepita, barua iko mezani kwa mtu. Wakati huo wote wanafunzi wamejisaidia: faili la simulesheni mmoja analipakua, kisha wanarushiana kwa programu ya Xender vimbwetani mpaka linafika kwa wote. Simulesheni inafika kweli, lakini kwa wasio na bando maswali hayafiki, na bila maswali ripoti yao hainirudii. Inaniuma kuona vijana wamepata njia na taasisi haijapata.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa HEET wa vyuo vikuu vya Tanzania, na majengo mapya yanaonekana. Tunayahitaji, na mimi ninayefundisha watu waliokaa kwenye ngazi sina sababu ya kuyabeza. Lakini ukumbi mpya wa watu 1,000 utatupa safu za nyuma nyingi zaidi, kama yatakayofanyika ndani yake ni yaleyale. Naomba mambo matatu ambayo bei yake ni ndogo kuliko paa la ukumbi mmoja.

La kwanza ni seva hiyo na waifai inayofika vimbwetani na mabwenini, mahali wanafunzi wanaposomea kweli.

La pili ni muda na heshima kwa wanaoandika masomo haya. Somo langu la sakiti, la dakika 40 tu, lilinichukua wiki sita za jioni. Nikiandika makala ya jarida itakayosomwa na watu wachache, inahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo. Somo linalosomwa na mamia ya wanafunzi kila mwaka sijaona likihesabiwa. Mradi hali iko hivyo, wahadhiri vijana wenye akili watakimbilia makala, na hatuwezi kuwalaumu.

La tatu ni kushirikiana. Balbu mbili za Dodoma hazina tofauti na balbu mbili za Mbeya, na LUKU ni ileile kutoka Bukoba hadi Mtwara. Hakuna sababu ya kila chuo kuandika peke yake. Mmoja aandike sakiti, mwingine kani na mwendo, mwingine seli na jenetiki, mwingine moli na mlinganyo wa kemikali, somo ambalo najua linawatoa jasho wenzangu wa Kemia. Tubadilishane, tusahihishane, tuyaboreshe kila mwaka kwa kutazama wapi wanafunzi wanaangukia.

Mwishoni mwa kila somo nimeweka kisanduku kimoja: andika swali lililobaki kichwani mwako. Wengi huandika "hakuna". Mwaka huu, kwenye ripoti ya asubuhi, nilikuta sentensi moja iliyoandikwa saa tano na nusu usiku: "Dokta, kama mkondo hauliwi, LUKU inahesabu nini?"

Niliisoma mara mbili nimesimama. Ni swali sahihi kabisa, lenye mlango wa kuingilia kwenye nishati yote tutakayoisoma semista nzima. Niliacha slaidi zangu, nikaliandika ubaoni kama lilivyo, kwa Kiswahili, bila jina. Ukumbi ukabishana nusu saa. Mmoja akasema inahesabu elektroni, wakamkumbusha vidoti. Mwingine akasema inahesabu muda, wakamuuliza mbona pasi inamaliza haraka kuliko taa. Tukafika wenyewe, kwa miguu yetu, kwenye kilowati-saa: kwamba uniti moja ya LUKU ni nishati, kwamba elektroni zinazunguka bila kupungua huku zikifanya kazi njiani.

Mhadhara ulipoisha, binti mmoja alisubiri mlangoni mpaka wenzake wametoka. "Dokta, lile swali lilikuwa langu," alisema, akaondoka haraka. Nilimtambua kwa sura. Hukaa safu ya mwisho, kwenye ngazi, karibu na dirisha. Hajawahi kunyoosha mkono.

Mwaka ujao wa masomo watakuja wengine zaidi ya 600, wakiamini kwamba balbu ya kwanza inakula umeme, na kila mmoja ana swali lake mfukoni. Naomba waikute seva imewashwa.